Mita 11: Namna ya Kukifundisha Kichwa Kupiga Penalti

Penalti nilizozikabili golini ni nyingi kuliko nilizowahi kupiga, kwa hiyo haya nayaandika kutoka upande wa pili wa mpira. Nilikuwa kipa hapa Tanga, kwanza mchangani, baadaye ligi ya mkoa, na siku hizi nawafundisha vijana wa mtaani kwetu, wa kiume na wa kike, jioni watu wakishatoka shule na kwenye mihangaiko. Wengi hudhani kipa anasoma mguu wa mpigaji. Mguu huja mwisho. Kinachosomeka mapema ni haraka. Kuna yule anayeutua mpira chini huku macho yameshamtafuta refa, anarudi nyuma kama anayefukuzwa, na filimbi haijatoka mdomoni kaondoka. Huyo hata awe na shuti la kuchana nyavu, mimi nilikuwa namsubiri tu. Nusu ya kazi yangu ameshaifanya yeye.

Ukipiga hesabu, mpigaji ndiye mwenye nafasi kubwa. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa unazimaliza mita 11, yaani kutoka alama ya penalti mpaka golini, kwa sekunde 0.4 hivi. Kipa akisubiri auone mpira ndipo aruke, konani hafiki. Ndiyo maana tunaruka mapema, kwa kubahatisha au kwa kusoma dalili, na dalili zote unatupa wewe mpigaji.

Sasa, ushauri unaotolewa kila kona ya uwanja ni "tulia", "jiamini", "usiogope". Mimi siutumii. Sijamwona mtu aliyetulia kwa sababu ameambiwa atulie. Moyo utadunda, mate yatakauka, miguu itakuwa mizito, na hayo yanampata hata nahodha wa timu ya taifa. Ninachofanya ni kukipa kichwa kazi. Kazi ndogondogo, moja ikiisha inaanza nyingine, tangu duara la katikati mpaka mpira uondoke mguuni. Hofu inakuwepo muda wote, lakini haipewi nafasi ya kushika usukani.

Amua mapema

Kila mchezaji wangu ana kona yake. Hatukuichagua kwa mdomo. Tuliitafuta mwisho wa mazoezi, watu wamechoka, kwa sababu kona anayoipata mtu akiwa hoi ndiyo atakayoipata dakika ya 120. Imeandikwa kwenye daftari la timu, na tukifika kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, ndiyo anayoipiga. Akitaka kuibadilisha ananiambia kabla ya mechi, na tunaijaribu kwanza.

Nasisitiza hili kwa sababu penalti nyingi zinazopaishwa, ukimuuliza mhusika akishapoa, atakwambia alibadili mawazo njiani. Alimwona kipa ameegemea upande mmoja, akaghairi. Mwili ulikuwa umeshaelekea kulia, mguu ukaamriwa kushoto, mpira ukaenda kwa jirani.

Wapo wapigaji wanaomsubiri kipa. Wanakimbia polepole, macho kwa kipa, akihama tu wanampoteza maboya. Ni ufundi halali, mradi usisimame kudanganya ukishaumaliza mwendo, hapo refa atakuadhibu. Ila ni ufundi wa kufanyia kazi miezi. Aliyeuanza Jumamosi iliyopita anacheza kamari, na kipa mwenye akili atamkazia macho tu mpaka aishiwe.

Na katikati je? Watafiti wa Israeli walichambua penalti 286 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Makipa walibaki katikati mara 6.3 tu kwa kila mia, ingawa kubaki kungewasaidia zaidi ya walivyodhani. Naielewa sana hiyo. Kipa akiruka akafungwa, watu husema bahati mbaya. Akisimama akafungwa pembeni, ataambiwa amelala, na maneno hayo atayasikia mpaka sokoni. Kwa hiyo katikati kwa juu kidogo ni chaguo zuri kwa mwenye moyo wake. Mwaka 2022 Achraf Hakimi wa Morocco aliichota, yaani aliuinua mpira taratibu, katikati na kuitoa Hispania kwenye Kombe la Dunia. Kwangu hakuna ruhusa ya kuchota mpaka niuone mchoto huo mazoezini, na kipa akiwa ameshaambiwa kwamba huenda ukaja.

Safari ya mita 40

Kwenye matuta, wachezaji wote hubaki ndani ya duara la katikati isipokuwa mpigaji na makipa wawili. Kwenye uwanja wa urefu wa mita 105, kutoka katikati mpaka alama ya penalti ni mita 41.5. Unaitembea peke yako. Kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, ndiyo balaa zaidi, maana mashabiki wameingia mpaka kwenye chaki, kuna mavuvuzela, kuna ngoma, na kuna mzee mmoja ambaye siku zote anajua jina la mama yako. Penalti nyingi huharibikia hapo njiani, mpira haujaguswa.

Kazi ya kwanza ni pumzi. Vuta kwa hatua tatu, toa kwa hatua tano. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta, kwani pumzi inayotoka polepole ndiyo inayoushusha mwendo wa moyo. Na ukizihesabu hatua, kichwa kimeshikwa.

Ukifika ukingoni mwa boksi, sema sentensi yako. Kila mtu ana yake, fupi, na lazima iseme la kufanya. "Chini kushoto." "Kaza kifundo." Binti mmoja wa timu yetu husema "pitiliza", kwa maana mguu usiishie kwenye mpira, upite. Marufuku ni sentensi za "usi". Ukijiambia "usipaishe", kichwa kinauona mpira uko angani kabla mguu haujatoka. Makocha nasi tuna ugonjwa huu. Tunapiga kelele kutoka benchi "usikose, usikose!" halafu tunashangaa.

Mpira uuchukue na kuuweka mwenyewe. Kipa atakuchelewesha, atauviringisha pembeni ili uufuate, atakuja kukusemesha. Nilikuwa nafanya hivyo, najua ladha yake. Sheria za sasa hazimruhusu kipa kumvuruga mpigaji kwa kuchelewesha pigo au kushikashika mlingoti na nyavu, ila hiyo ni kazi ya refa. Ya kwako ni kutafuta tundu la upepo la mpira. Litafute, ligeuzie goli, utulize mpira chini. Kwenye mchanga wetu ukandamize kidogo usije ukaviringika. Nilichagua tundu kwa sababu huwezi kulitafuta huku unamtazama kipa usoni.

Kisha rudi nyuma hatua zako zilezile za siku zote. Mtazame kipa ukitaka, lakini wengi nawashauri wautazame mpira na kona yao tu.

Filimbi. Hapa ndipo ninapogombana na vijana kila msimu. Filimbi ya refa ni ruhusa, hakuna aliyekuamrisha ukimbie. Profesa mmoja wa Norway, Geir Jordet, amezichunguza penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi, na moja ya aliyoyaona ni kwamba wanaoondoka mara tu filimbi ikilia hufunga mara chache kuliko wanaojipa muda kidogo. Ukiwa golini unalihisi hilo bila utafiti. Anayekimbilia anataka yaishe. Kwa hiyo baada ya filimbi vuta pumzi moja kamili, itoe, ndipo uondoke. Moja inatosha. Ukisimama mpaka uwanja ukaanza kuguna, umerudi kulekule kuwaza watu.

Mazoezi ya kichwa hayafanani na mazoezi ya mguu

Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, kocha wa Hispania Luis Enrique alisema aliwapa wachezaji wake kazi ya nyumbani: kila mtu awe amepiga penalti zisizopungua 1,000 huko kwenye klabu yake. Tarehe 6 Desemba wakaingia kwenye matuta na Morocco. Wakapiga tatu. Mmoja akagonga mlingoti, mbili akazidaka kipa wa Morocco Yassine Bounou, wakarudi nyumbani bila kufunga hata moja. Sisemi mazoezi hayasaidii. Nasema ukipiga kumi mfululizo, ya kumi inasahihisha makosa ya kwanza, na siku ya mechi hakuna ya pili.

Kwetu Alhamisi ni siku ya penalti, na kila mtu anapiga moja tu. Mazoezi yameisha, watu wamekimbia, jasho linatiririka. Wote wa timu inayopiga wanakaa kwenye duara wameshikana mabega. Naita jina bila mpangilio, ili mtu asijue zamu yake. Anatembea safari nzima kutoka katikati, na hatua zote nilizozieleza anazifuata. Wale wa timu pinzani ya mazoezini wamesimama nyuma ya goli wanazomea. Kuzomea kuna mpaka: hatumtaji mzazi wa mtu wala umbo lake. Mengine ruksa. Bodaboda wa kijiwe cha jirani nao tumeshawazoesha, wakiona tumekaa duarani wanasogea kupiga honi, na hawaombi hata maji.

Anayekosa anabeba mfuko wa mipira na madumu ya maji mpaka nyumbani kwangu. Aibu yenyewe ni ndogo, ya kuchekwa njiani, lakini inatosha kuufanya moyo udunde kidogo. Bila mdundo huo unafundisha mguu tu.

Kuna siku namwendea kipa pembeni na kumnong'oneza mpigaji anakwenda upande gani, halafu namwambia mpigaji kwamba nimemwambia. Mwanzoni wanalalamika kweli. Lakini nimefunga vipande vya jezi kuukuu kwenye nyavu, nusu mita ndani ya kila mlingoti, na baada ya muda wanajionea wenyewe kwamba mpira unaopita hapo kwa nguvu unaingia hata kipa akijua. Kijana aliyefunga akijua kwamba kipa anajua, hana tena sababu ya kubadili kona njiani. Katika mazoezi yangu yote hili ndilo lililozaa matunda zaidi, na halina gharama yoyote.

Daftari nalo lina namna yake. Siandiki goli na kukosa peke yake. Naandika kama hatua zilifuatwa. Aliyefunga huku karuka pumzi na kukimbilia filimbi, jina lake nalizungushia wino mwekundu. Aliyefuata kila kitu na kipa akadaka vizuri, anapata alama ya vema. Wazazi wakiliona daftari hilo wanaguna, "Mwalimu, huyu kafunga unamkosoa?" Ndiyo. Goli la papara litamdanganya mpaka siku ya fainali.

Nyumbani wakiwa kitandani nawaambia waipitie safari yote kichwani, taratibu, na kelele zake. Wasijione wakishangilia tu, hiyo ni ndoto. Waone kipa akiupiga mpira mbali, waone refa akiwaambia warudie, na wajione wakianza tena na pumzi.

Na kuna hili ambalo vitabu vya ukocha havilisemi. Kwenye mashindano ya mtaani utasikia goli limefungwa kwa uchawi, mganga wa wenzetu ameshapita usiku, taulo la kipa lina mambo. Sibishani na mtu kuhusu imani yake dakika tano kabla ya matuta, kwanza sitashinda. Anayetaka kusoma dua asome, anayetaka kugusa chini aguse. Namuuliza tu: tundu la upepo utaligeuzia wapi? Akijibu, tunaendelea.

Ukikosa

Utakosa. Hata waliofika mbali kuliko sisi wamekosa, na kwa namna mbaya zaidi. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, Asamoah Gyan aliusimamia mpira ambao ungeipeleka Ghana nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika huko, na muda wa nyongeza umeisha. Akagonga mtambaa wa panya, ule mlingoti wa juu. Dakika chache baadaye yakaja matuta, na wa kwanza kupiga upande wa Ghana alikuwa yeyeyule. Akafunga. Ghana ikatolewa 4-2 na Uruguay, lakini pigo lile la pili ndilo ninalowaonyesha vijana kwenye simu. Isitoshe, hadithi yake haikunyooka baada ya hapo. Mwaka 2012 alikosa penalti nyingine kwenye nusu fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Zambia, akajiweka kando na timu ya taifa kwa muda, kisha akarudi, akawa nahodha, na akamaliza akiwa mfungaji bora wa Ghana wa wakati wote kwa mabao 51. Kujiweka kando kwa muda nako kumo katika kupona.

Fainali ya AFCON hiyohiyo, Libreville, Didier Drogba wa Ivory Coast alipaisha penalti ndani ya dakika 90, na kwenye matuta akaenda akafunga yake. Zambia wakashinda 8-7. Wachezaji wa Zambia walikuwa duarani wanaimba, jirani na bahari ile ambako ndege ya timu yao ya taifa ilianguka mwaka 1993. Kuimba kwao kulikuwa kazi. Watu walioshikana na kuimba hawapati muda wa kujiuliza "nikikosa je?" Sisi nasi tuna wimbo wetu, wa hovyo kweli, lakini kila mtu anaujua.

Aliyekosa anarudi mita zilezile 40, na anaporudi duarani lazima awepo mtu wa kumpokea. Huyo tunampanga kabla ya mechi. Tusipompanga, kila mmoja atadhani mwenzake atakwenda. Haambiwi "usijali". Anashikwa, anaingizwa kwenye mstari, anaendelea kuimba kwa ajili ya anayefuata.

Usiku wa siku hiyo simu inakaa kwa mtu mwingine. Dada, kaka, mwenza, yeyote anayeaminika. Zamani ulikuwa unazomewa njiani, unafika nyumbani yameisha. Siku hizi makundi ya WhatsApp yanakufuata mpaka chumbani, na sehemu kubwa ya matusi inatoka kwa watu ambao mikeka yao imechanika. Hasira ya mtu aliyepoteza elfu mbili ya kubeti haihusiani na mguu wako. Mwaka 2023 Simba ilipotolewa na Wydad ya Morocco kwa penalti 4-3 kule Casablanca, waliokosa walisemwa kijiweni mwezi mzima, na wasemaji wengi hawajawahi kupiga penalti hata ya chandimu. Ndiyo maana hapa siwataji.

Kesho yake, siyo usiku uleule, tunakaa chini na aliyekosa. Maswali ni matatu. Ulifuata hatua zako? Ulibadili kona? Mguu wa kusimamia ulitua wapi? Yakishajibiwa na kuandikwa, kikao kimefungwa, na mtu mwingine akija kuyafukua mazoezini namtuma akakimbie. Kama hatua zilifuatwa na kipa akadaka, tunampongeza kipa. Nasema hivyo kwa upendeleo, nakiri.

Ila kuna kukosa kunakozidi uwezo wa kocha. Kijana akipita wiki kadhaa halali vizuri, hali chakula, anakwepa uwanja, au ameanza kulewa, mpeleke kwa mshauri wa saikolojia. Hospitali ya mkoa ni mahali pa kuanzia kuuliza. Umsindikize mwenyewe, maana ukimwachia namba ya simu hatapiga. Na ile kauli ya "mwanaume halii" iacheni huko huko ilikotoka.

Kuhusu kurudi kupiga, mechi ya kirafiki ya kwanza yenye penalti ni ya aliyekosa. Namuuliza faraghani, kamwe si mbele ya wenzake. Akikubali, kwenye karatasi anakuwa wa kwanza. Akisema bado, simlazimishi. Alhamisi inayofuata anapiga bila kipa, ya pili anapiga na kipa, ya tatu anapiga wenzake wakizomea na bodaboda wakipiga honi, ndipo namuuliza tena.